Mnazi au bendera fuata upepo: ushabiki upi unakufaa?

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayeanza kufuatilia michezo na anatafuta timu ya kuishabikia. Wa pili ni yule ambaye timu yake imemchosha: inafungwa wiki baada ya wiki, kocha wa tatu keshafukuzwa, na marafiki zake wameanza kuvaa jezi ya timu inayoongoza ligi. Mmoja anataka kuingia na mwingine anafikiria kutoka, lakini wote wawili wanaamua jambo lile lile: wawape watu wasiowajua, wanaokimbia uwanjani, sehemu gani ya moyo wao.

Upande mmoja yupo mnazi, shabiki lialia, ambaye timu ikishuka daraja anashuka nayo. Upande wa pili yupo bendera fuata upepo, ambaye wengine humwita shabiki maandazi. Huyu unamwona timu ikishinda, na ikianza kufungwa anapotea. Nitawaweka ubavu kwa ubavu. Nina upande wangu na sitauficha, lakini yule wa pili naye anastahili kusikilizwa, kwa sababu ana hoja ambazo sisi wanazi hatupendi kuzisikia.

Vipimo vya kuweka pembeni

Watu wengi hupima ushabiki kwa vitu visivyoupima. Jezi ni mfano. Anayenunua jezi mpya kila msimu anaweza kuwa nazo za timu tatu kabatini, na asiyenunua hata moja anaweza kuwa anakijua kikosi chote mpaka kipa wa akiba. Kelele ni hivyo hivyo: aliyepiga kelele kuliko wote siku ya ushindi, mara nyingi wiki inayofuata humwoni. Kwenda uwanjani nako kunategemea umbali, ratiba ya kazi na mfuko. Anayesikiliza mechi redioni akiwa zamu ya usiku hadaiwi chochote na aliyekaa jukwaa kuu.

Umri wa ushabiki nao umekuzwa mno. Miaka ina uzito wake, sikatai, lakini kila mnazi ana siku yake ya kwanza, na wengi walivutwa na timu iliyokuwa ikishinda siku hiyo. Ni nadra mtoto kuchagua timu inayoshuka daraja. Aliyeanza kuipenda timu ikiwa bingwa hana kosa lolote. Kilichobaki ni kuona atakuwa wapi ubingwa ukihamia kwingine. Kwa hiyo asitokee mtu akakuzuia kuingia eti umechelewa.

Siku ya kufungwa

Hapa ndipo wawili hawa wanapoachana, na hapa ndipo ningependa utulie kabla hujachagua.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani. Siku za Jumatatu, baada ya mechi za wikiendi za mpira wa miguu wa Kimarekani, walihesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo chao. Timu ikiwa imeshinda, nguo zile zilionekana kwa wingi kuliko ikiwa imeshindwa. Kisha wakawapigia wanafunzi simu na kuwaomba waielezee mechi fulani. Walioelezea ushindi walijihesabu kuwa sehemu ya timu mara nyingi kuliko walioelezea kipigo. Yaani ushindi ulikuwa wetu, kipigo kikawa cha wale wachezaji.

Hao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafunzi wa kawaida, na naamini mvuto huo uko ndani ya kila mtu, mnazi akiwemo. Mwaka 1990 Daniel Wann na Nyla Branscombe wakaliangalia jambo hilo kwa karibu zaidi, wakiwatenganisha mashabiki kwa kiwango ambacho timu imekuwa sehemu ya utu wao. Wale ambao timu imewaingia kweli hawakujitenga nayo kirahisi iliposhindwa. Wale ambao timu ilikuwa juu juu tu walijivunia ushindi kwa kiasi na kukaa mbali na kipigo. Kwa mnazi, basi, kukimbia ni kugumu kwa sababu hana pa kukimbilia. Timu ikifungwa, kitu chake mwenyewe kimeguswa, na kubadilisha jezi hakutakiondoa.

Watazame wawili hawa usiku wa mechi iliyopotea kwa mabao matatu. Bendera fuata upepo anafunga simu, au anabadilisha mazungumzo, au anasema timu hii ni mbovu, haifai, wachezaji wote wauzwe. Kesho yake ameshasahau, na keshokutwa anaisifia timu nyingine. Mnazi naye amekasirika, pengine kuliko yeye, ila sikiliza hasira yake ilivyo na mambo ndani: beki wa kushoto anapanda halafu hakuna anayebaki kuziba nafasi yake, kiungo mkabaji ana kadi nne za njano na mechi ijayo ni ya ugenini, yule kijana wa akiba aliyeingia dakika ya 70 aligusa mpira vizuri mara mbili na anastahili kuanza. Halafu anafungua msimamo wa ligi na kupiga hesabu za pointi zilizobaki, hata kama hesabu hizo haziwezekani.

Ukitaka kujijua uko upande gani, sikiliza malalamiko yako. Kwangu mimi hicho kinapima kuliko jezi na kuliko kelele. Anayelalamika kwa jumla ana mguu mmoja mlangoni. Anayelalamika kwa majina na namba bado yumo ndani, na huenda hatatoka.

Furaha ya yupi ni kubwa?

Mashabiki wa upepo husema: kwa nini nijitese? Mimi nakula matunda tu. Ni hoja nzito, na ili kuijibu nitaeleza habari moja kwa kirefu.

Mwaka 1999 Manchester City ilikuwa daraja la tatu la soka la Uingereza. Msimu ule wote, watu kama 28,000 kwa wastani walikwenda uwanja wa Maine Road kuitazama ikicheza na timu ambazo miaka michache nyuma wasingeota kukutana nazo kwenye ligi. Na jirani yao alikuwa nani? Manchester United, ambao tarehe 26 Mei mwaka huo waliifunga Bayern Munich 2-1 jijini Barcelona, mabao yote mawili yakiingia dakika za nyongeza, wakakamilisha makombe matatu makubwa ndani ya msimu mmoja. Aliyetaka upepo asingehitaji hata kuhama mji.

Siku nne baadaye, tarehe 30 Mei, mashabiki wa City walikwenda Wembley kwa fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Gillingham. Dakika ya 81 Gillingham wakafunga. Dakika ya 87 wakaongeza la pili. Baadhi ya mashabiki wa City walianza kushuka ngazi na kutoka, na siwalaumu, maana zilikuwa zimebaki dakika tatu za kawaida na timu yao ilikuwa inakwenda kulala daraja la tatu msimu mwingine. Dakika ya 90 Kevin Horlock akarudisha moja. Mwamuzi akaongeza dakika tano. Katika ya tano, Paul Dickov akaupata mpira ndani ya eneo la hatari akaupiga juu, wavuni. Waliokuwa wamefika nje wakasikia mlio wa uwanja na kugeuka kutafuta njia ya kurudi. Mechi ikaenda mpaka penalti, kipa Nicky Weaver akaokoa ya mwisho, kisha akatimua mbio uwanjani huku wenzake wakimfukuza.

Miaka 13 baadaye, tarehe 13 Mei 2012, Sergio Agüero alifunga dakika ya 94 dhidi ya Queens Park Rangers na kuipa City ubingwa wa kwanza wa ligi tangu 1968. Kwa aliyeanza kuishabikia City mwaka mmoja kabla, ile ilikuwa mechi tamu sana. Kwa aliyekuwa Wembley siku ya Gillingham, bao lile lilikuja na kila kitu: daraja la tatu, kejeli za jirani, miaka 44 ya kusubiri, na watu waliokaa naye jukwaani ambao hawakufika siku hiyo. Wote wawili waliruka. Ila hawakuwa wakisherehekea kitu kimoja.

Mfano mwingine ni Chicago Cubs wa besiboli, waliokaa miaka 108 bila taji la World Series, kutoka 1908 mpaka 2016. Walipokaribia kulichukua, na baada ya kulichukua, watu walikwenda kwenye kuta za matofali za uwanja wa Wrigley Field na kuandika kwa chaki majina ya wazazi, babu na bibi zao waliokuwa mashabiki na wakafa bila kuiona siku hiyo. Kuta zikajaa majina. Furaha ya namna hiyo bendera fuata upepo hawezi kuipata kwa sababu haina njia ya mkato. Lazima kwanza uwe na jina la kuandika.

Hata hivyo sitasema kwamba furaha ya upepo ni ya uongo. Msimu wa 2015/16 Leicester City walichukua ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza wakati kampuni za kubashiri zilikuwa zimewapa nafasi ya 5,000 kwa 1 mwanzoni mwa msimu. Dunia nzima watu wasiojua Leicester iko upande gani wa ramani waliishabikia kwa miezi michache. Waliishangilia kwa dhati, hawakumdhuru mtu, na Leicester iliposhuka daraja mwaka 2023 wengi wao hawakulia. Kuna ubaya gani hapo? Siuoni. Walipata hadithi nzuri na wakaendelea na maisha yao.

Gharama

Hapa bendera fuata upepo anashinda wazi, na mnazi asiyekubali hili hajajichunguza.

Mwaka 2008 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Munich na maeneo ya jirani wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo zilifika mara 2.66 ya siku za kawaida. Siku ya robo fainali dhidi ya Argentina, iliyoamuliwa kwa penalti, ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na wagonjwa wengi, na mechi hiyo Ujerumani walishinda. Karibu nusu ya waliopata dharura siku hizo walikuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kama wewe au mzee wako nyumbani mna tatizo hilo, hili si jambo la mzaha: dawa zinywewe kwa wakati siku ya mechi, na mgonjwa asitazame mechi kubwa akiwa peke yake.

Nje ya afya kuna wikiendi zinazoharibika, watoto wanaojifunza kunyamaza baba akirudi na sura fulani, na fedha za tiketi na safari. Mnazi hulipa kila msimu, hata ule ambao hapati chochote. Na tofauti na mambo mengine unayoyapenda, hapa huna unachoweza kukifanya. Mchezaji akikosa penalti, mapenzi yako yote hayasogezi mpira hata sentimita moja.

Bendera fuata upepo analala vizuri. Anatazama soka safi kila wiki, kwa sababu anatazama wanaolicheza vizuri kwa wakati huo. Kama maisha yako sasa hivi yamejaa mambo mazito, ugonjwa nyumbani, masomo, kazi inayokula usiku wako, nakushauri bila kusita ukae upande wa upepo kwa muda. Timu haitakuhesabia.

Lakini gharama hiyo hiyo ndiyo inayozifanya klabu ziishi. Tarehe 26 Desemba 2018 Sunderland, iliyokuwa imeshuka madaraja mawili kwa misimu miwili mfululizo, ilicheza na Bradford City kwenye daraja la tatu mbele ya watu zaidi ya 46,000. Schalke 04 ya Ujerumani walishuka daraja na bado wakaendelea kujaza zaidi ya watu 60,000 kwa mechi. Na Union Berlin ni habari nyingine kabisa: uwanja wao ulipochakaa na klabu haina fedha, mashabiki zaidi ya 2,000 walijitolea kuujenga upya kwa mikono yao kati ya 2008 na 2009, wakichanganya zege na kubeba vyuma. Klabu ile ilipanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mwaka 2019, na msimu wa 2023/24 ikacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Upepo huleta mauzo ya jezi. Hauwezi kukuchanganyia zege.

Je, kuzomea ni usaliti?

Hili linawachanganya wengi, na ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Watu hudhani uaminifu ni kukaa kimya, kwamba anayemlaumu mmiliki, anayedai kocha aondoke, au anayekataa kununua tiketi amehama. Historia inaonyesha kinyume chake.

Mwaka 2002 Wimbledon FC, klabu iliyowahi kuifunga Liverpool 1-0 na kutwaa Kombe la FA mwaka 1988, ilipewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes, mji ulio mbali na makazi yake ya asili kusini mwa London. Mashabiki walipinga kwa kila njia wakashindwa. Basi wakaanzisha klabu yao, AFC Wimbledon. Wakatangaza majaribio ya wachezaji kwenye eneo la wazi la Wimbledon Common, na yeyote aliyejiona anaweza alikaribishwa. Wakaanzia daraja la tisa, na bado watazamaji karibu 3,000 walikuwa wakifika kwenye mechi zao za nyumbani. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda mpaka kwenye ligi za kulipwa, na Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa ule ule ambako klabu ya awali iliwahi kuwa na uwanja wake.

Sasa niambie, nani alikuwa mwaminifu? Kwa karatasi, watu hao waliiacha timu iliyokuwa madaraja mengi juu na kwenda kushabikia timu mpya ya wachezaji wa ridhaa. Kwa karatasi ni wahamaji. Kwangu mimi ni wanazi wa kiwango cha juu kabisa, kwa sababu walijua wanachokipenda ni nini: watu wale, mtaa ule na historia ile, wala si cheti cha usajili kilichokuwa mikononi mwa wamiliki.

Ndivyo ilivyokuwa pia Aprili 2021, klabu 12 kubwa za Ulaya zilipotangaza kuanzisha ligi yao ya Super League. Tangazo lilitoka tarehe 18. Tarehe 20 mashabiki wa Chelsea walikusanyika nje ya Stamford Bridge kuipinga klabu yao wenyewe kabla ya mechi, na usiku ule klabu zote sita za Uingereza zikawa zimejitoa au zimetangaza kujitoa. Walioandamana walikuwa wanazi. Bendera fuata upepo hana sababu ya kusimama barabarani kwa ajili ya klabu. Klabu ikimuudhi, ana nyingine. Na mashabiki wa Cleveland Browns wa mpira wa miguu wa Kimarekani, timu yao ilipomaliza msimu wa 2017 ikiwa imepoteza mechi zote 16, waliandamana kuuzunguka uwanja kwenye baridi kali ya Januari, wakiwa wamevaa rangi za timu huku wakiulaani uongozi wake.

Tofauti iko hapa: anayezomea ili mambo yabadilike, na wiki ijayo yupo, ni mnazi. Anayezomea kama kuaga, si mnazi. Kumtukana mchezaji kwenye mitandao, kumtakia mabaya yeye au familia yake, hakuhusiani na lolote kati ya hayo; hapo hakuna ushabiki wa aina yoyote.

Anayemfuata mchezaji

Kuna mtu mwingine anayetiwa kwenye kapu la upepo kwa kuonewa. Huyu alikuwa Barcelona na Lionel Messi, akaenda naye Paris mwaka 2021, na mwaka 2023 akajikuta anaamka usiku kuitazama Inter Miami. Au alimfuata mcheza kikapu LeBron James kutoka Cleveland kwenda Miami mwaka 2010, akarudi naye Cleveland 2014, kisha Los Angeles 2018. Huyu ana uaminifu, ila ameuelekeza kwa mtu. Utamwona upande wake pale mchezaji anapoumia au anapozeeka: akiwa bado anamfuatilia akikaa benchi, ni mwaminifu kama mnazi yeyote. Shida yake ni moja tu, kwamba mchezaji hustaafu. Kwa anayeanza, njia hii ni nzuri ya kuingilia mchezoni, alimradi uiseme wazi na usijiite mnazi wa klabu unayopita tu.

Vivyo hivyo mpenzi wa mchezo wenyewe, anayetazama timu yoyote inayocheza vizuri na kumpongeza aliyeshinda. Yeye hajaahidi chochote kwa yeyote, kwa hiyo hakuna ahadi aliyoivunja. Bendera fuata upepo hatofautiani naye kwa mapenzi ya soka. Tofauti ni kwamba mwenye bendera anadai umiliki. Anasema ni timu yake ya damu, anawatambia wengine, halafu anakana.

Kuchagua

Kama unaanza leo, usichague timu kwa kuangalia msimamo wa ligi. Tafuta kitu ambacho matokeo hayawezi kukiondoa: jinsi inavyocheza miaka nenda rudi, historia inayokugusa, mtu unayempenda ambaye mtaitazama pamoja, au mji wenyewe. Kisha itazame ikifungwa. Namaanisha hivyo hasa: tazama mechi nzima ambayo timu hiyo imepoteza, mpaka filimbi ya mwisho. Ukijikuta unataka kujua mechi ijayo ni lini, umeshapata timu. Ukijikuta umechoka na unataka kubadilisha chaneli, endelea kutafuta, au ukubali kwamba wewe ni mpenzi wa mchezo na ufurahie hivyo.

Kama unachagua upepo, chagua kwa uwazi. Sema unaitazama timu fulani msimu huu kwa sababu inacheza vizuri. Shangilia unavyotaka. Ila usimtambie mtu kwa ubingwa ambao hukuusubiri, na timu ikianza kufungwa ondoka bila kuwatukana wachezaji uliokuwa ukiwaimba mwezi uliopita. Mtu wa namna hiyo anakaribishwa mezani kwangu siku yoyote.

Kama tayari ni mnazi na unafikiria kuondoka, kwanza tazama unaondoka kwa sababu gani. Kama ni kufungwa, usiamue katikati ya msimu. Subiri ligi iishe, pita dirisha la usajili, halafu ujiulize tena ratiba mpya itakapotoka. Hasira ya Machi mara nyingi haifiki Agosti. Kama ni afya au fedha, punguza bila kuacha: acha mechi za moja kwa moja, soma matokeo asubuhi, tazama mechi moja kwa mwezi. Huko si kuhama, na hakuna mwenye haki ya kukunyang'anya timu kwa hilo. Kama ni kwa sababu wamiliki wamegeuza klabu kuwa kitu usichokitambua, una njia tatu na zote zina heshima: kubaki na kupinga, kukaa pembeni mpaka waondoke, au kufanya kama watu wa Wimbledon.

Na kama una mtoto na kinachokusumbua ni kumrithisha timu inayofungwa kila wiki, mkalishe karibu yako mtazame pamoja, umweleze wachezaji kwa majina na kwa nini mnakasirika. Akichagua timu nyingine, mkubalie, na siku timu hiyo nyingine itakapofungwa kaa naye vile vile mpaka mechi iishe.